Jani la kitenge linabanduka na karatasi yake

SWALI: Shikamoo bi fundi. Naishi Ottawa, Kanada, mwaka wa tatu sasa. Huku majani ya miti yameshageuka rangi, nami nataka kutengeneza kadi za Sikukuu ya Shukrani kwa walimu wa wanangu na kwa bibi mmoja jirani aliyetupokea vizuri tulipofika. Nimekata jani la mepo (maple, lile la kwenye bendera ya Kanada) kwenye kipande cha kitenge, nikalishona kwa cherehani juu ya karatasi ya manila, nikalizungushia mshono pembeni pote. Nikikunja kadi, jani linachomoka na karatasi yake, linabaki shimo lenye umbo la jani. Nimefupisha mshono hadi 1.5 ili ushike zaidi, mambo yakaharibika zaidi. Na karatasi inajikunyata. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umekosea pale ulipofupisha mshono, na si ajabu, maana hivyo ndivyo tulivyofundishwa sote kwa kitambaa: ukitaka kitu kishike, punguza urefu wa mshono. Lakini sindano ikipita kwenye kitambaa huzisogeza nyuzi kando, na ikishatoka nyuzi hurudi mahali pake zikaubana uzi. Karatasi haina nyuzi za kurudi. Tundu likishatobolewa limetobolewa.

Hebu tupige hesabu. Jani lako likiwa na mzunguko wa sentimita 30, mshono wa milimita 1.5 unatoboa matundu 200. Mshono wa milimita 4 unatoboa 75. Matundu 200 yaliyofuatana hivyo ni sawa na yale ya pembeni mwa stempu, na yale yamewekwa makusudi ili stempu ichanike bila kutumia nguvu. Kwa hiyo peleka cherehani kwenye 3.5 au 4, na usirudi nyuma kufunga mshono mwanzoni wala mwishoni. Acha uzi wa sentimita 10 kila upande, uvute upande wa nyuma kwa sindano ya mkono, ufunge fundo, kisha ukate.

Hata hivyo mimi nisingelizungusha hilo jani hata kwa mshono wa 4. Ningeshona mishipa yake tu. Mstari unaozunguka na kujifunga unakata kipande kizima. Mstari ulio wazi pande zote mbili hauna cha kukata. Na jani lenyewe litakushukuru, kwa sababu jani bila mishipa ni doa la rangi tu. Ila la mepo lina jambo lake: mishipa yake mikubwa mitano yote inaanzia sehemu moja, pale kwenye kikonyo. Ukiipeleka yote mitano mpaka hapo, utatoboa mahali pamoja mara tano na karatasi itatoboka. Shona mmoja tu, ule wa katikati, uende moja kwa moja hadi kwenye kikonyo. Mingine minne uikomeshe milimita 3 au 4 kabla ya kufika. Jicho litaunganisha lenyewe. Kama unaanza, chukua jani la mbetula (mti wa birch), lile la njano: lina mshipa mmoja wa katikati na vijimshipa vinavyotoka kwa kupishana, halisumbui.

Utauliza, pembeni patashikwa na nini? Gundi ya kupiga pasi, ile inayouzwa ikiwa imebandikwa kwenye karatasi laini. Fua kitenge kwanza kitoke wanga, kikaushe, kinyooshe. Bandika gundi nyuma ya kitambaa kabla ya kukata jani, si baada. Ukikata hivyo ncha hazifumuki. Kumbuka kuwa umbo unalochora nyuma litatokea limegeuka mbele. Kisha bandua karatasi, weka jani juu ya manila, funika na kitambaa chepesi, piga pasi kavu. Mvuke usiutumie kabisa. Karatasi ikinywa maji inavimba, ikikauka inajikunyata.

Sababu ya pili ya kujikunyata ni uzi kukazwa mno. Umeweka uzi kwa kipimo cha kitambaa, na karatasi hainyumbuki. Legeza uzi wa juu kidogo kidogo huku ukijaribia kwenye kipande cha manila ile ile utakayotumia. Sindano iwe namba 70 au 80, mpya na yenye ncha kali. Sindano ya ngozi usiiguse, ncha yake ina makali, inachana. Ukimaliza, hiyo sindano iwekee alama ibaki kuwa ya karatasi, kwani karatasi huifanya butu upesi na ukiirudisha kwenye hariri utalia.

Sasa jambo ambalo naona wengi hulikosea: usishone kwenye kadi yenyewe. Karatasi zenu huko ni milimita 216 kwa 279. Ukikata moja katikati unapata mbili za 140 kwa 216. Kila moja ukiikunja ni kadi ya 108 kwa 140. Kipande cha kushonea kikate kando, 95 kwa 127, manila ya gramu 200 na zaidi kwa mita ya mraba. Shonea jani hapo, kisha kibandike mbele ya kadi kwa gundi ya utepe yenye kunata pande mbili. Mafundo yanafichika, ndani kunabaki safi pa kuandika, na penye mkunjo hapana tundu hata moja.

Kadi za walimu zipitishe kwenye cherehani hivyo. Sikukuu yenu ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, muda si mrefu. Lakini ya yule bibi ishone kwa mkono, nakuomba. Chora mishipa kwa penseli, weka karatasi juu ya soli ya ndala kuukuu, toboa matundu kwanza kwa sindano nene kidogo, yaachane milimita 4. Halafu chukua uzi wa kutarizi wenye nyuzi sita, uupasue, utumie mbili tu. Piga bandi kwenda, kisha rudi ukijaza mapengo kupitia matundu yale yale. Hakuna tundu jipya linaloongezeka.

Na kama unayo kanga iliyochakaa yenye korosho, kata jani la huyo bibi hapo, korosho moja ilale katikati na mkia wake uelekee kwenye kikonyo. Kanga ni nyepesi kuliko kitenge, hivyo rangi ya manila inaweza kupenya. Tumia manila nyeupe au ya maziwa. Akikuuliza hilo umbo ni nini, mweleze korosho.