Krosi Hewani, Bao Hakuna

Maswali ya wasomaji kuhusu soka

*Kwako Mhariri,*

*Timu yetu ina mchezo mmoja tu, na hata muuza njugu wa jukwaani anaujua. Kipa anapiga mpira mrefu, straika anaruka peke yake katikati ya mabeki wawili, mpira unarudi. Tukibahatika kufika pembeni, winga anamwaga krosi akiwa bado mbali, kipa anaudaka kama anayepokea mtoto. Jumapili nilihesabu krosi 27, bao sifuri. Kocha naye amenyanyua mikono tu, "Juu! Juu!" Hiyo ni mbinu au ni kukosa mbinu?*

*Shabiki aliyechoka, Kondele, Kisumu*

Ndugu wa Kondele, kuhesabu ulifanya vyema, ila umehesabu nusu. Krosi 27 hazisemi kitu mpaka tujue kila moja ilipigwa kutoka wapi, na ilipofika ndani ya kisanduku, yaani eneo la penalti, iliwakuta watu wangapi.

Ichukue hiyo krosi inayokukera. Winga yuko karibu na mstari wa pembeni, mita 30 hivi kutoka mstari wa goli. Mpira unakaa hewani karibu sekunde mbili. Muda wote huo mabeki wameupa uso. Wanauona mpira na wanamwona straika kwa jicho lile lile. Kipa ana nafasi ya kupiga hatua tatu na kuinua mikono. Straika naye, hata akiufikia, lazima nguvu zote azitoe shingoni mwake, maana mpira unaoelea hauji na kasi. Beki wa kawaida kabisa anaondoka na mpira huo.

Sasa msogeze winga yule yule hadi karibu na mstari wa goli, ukingoni mwa kisanduku. Mabeki wanalazimika kukimbia wakielekea lango lao wenyewe. Anayetazama mpira hamwoni mtu aliye mgongoni mwake, na anayemtazama mtu hauoni mpira. Pasi ikirudishwa nyuma chini kwa chini kuelekea alama ya penalti, mita 11 kutoka langoni, inamkuta mvamizi anakuja mbio na goli liko mbele ya macho yake. Tena mchezaji aliye nyuma ya mpira hawezi kuotea (yaani kunaswa akiwa mbele ya mpira na ya mabeki), kwa hivyo mshika kibendera hapo hana kazi. Na beki akiunyooshea mguu kwa haraka, anaweza kujifunga.

Basi kwa nini winga wenu hafiki huko? Mara nyingi ni kwa sababu yuko peke yake na amezibwa na wawili. Anahitaji beki wa upande wake ampitie kwa nje, na kiungo mmoja asogee awe wa kupokea pasi ya kutokea. Beki hapandi kwa kuogopa kuacha shimo nyuma, na hofu hiyo si ya bure. Ila hesabu ipo, tuseme mnacheza 4-3-3, yaani mabeki wanne, viungo watatu, na mbele mawinga wawili na straika. Beki wa kulia akipanda, wa kushoto abaki. Mabeki wawili wa kati wabaki. Kiungo mkabaji asimame mbele yao. Hao ni wanne, na wanatosha kuzima shambulizi la kushtukiza. Wamebaki sita: winga wa kulia, beki aliyepanda na kiungo mmoja wanafanya kazi pembeni, straika anakimbilia mlingoti wa karibu, winga wa kushoto anaingia mlingoti wa mbali, kiungo wa pili anachelewa kidogo kisha anafika kwenye alama ya penalti. Ikiwa ndani ya kisanduku unamwona straika tu, na winga wa upande wa pili amesimama mstarini kana kwamba anangoja matatu, hapo kocha ana la kujibu.

Kuhusu mipira mirefu, hatukuungi mkono moja kwa moja. Kuna viwanja huku magharibi ambavyo pasi ya mita kumi inaruka mara tatu kabla ya kumfikia mwenzako, na mvua ya jioni ikishanyesha, mpira unakwama kwenye tope mbele ya lango lako mwenyewe. Kocha anayekataza pasi fupi mahali kama hapo ana akili timamu. Kosa liko kwenye mpira wa pili, yaani ule unaodondoka baada ya vichwa kugongana. Kama mwenzake wa karibu zaidi na straika yuko mita 25 nyuma, mpira huo ni wa wapinzani kila mara. Kabla kipa hajapiga, mabeki wasogee juu kuelekea mstari wa kati ili timu isiwe ndefu. Viungo wawili wasimame mita nane hadi kumi kutoka kwa straika, mmoja kila upande, wakingojea makombo. Winga mmoja aanze mbio nyuma ya mabeki pale straika anaporuka, asisubiri aone nani ameshinda.

Kuna jambo dogo ambalo timu nyingi hulisahau. Mpira wa goli, ule kipa anaoupiga chini baada ya wapinzani kuutoa nje kwenye mstari wa goli, hauna kuotea kwa anayeupokea moja kwa moja. Winga anaweza kusimama nyuma ya beki wa mwisho kabisa na ni halali. Lakini straika akiugusa kwa kichwa njiani, sheria ya kuotea inaanza papo hapo, na yule winga aliyekuwa halali amekwisha. Na kipa akiupiga kutoka mikononi, si mpira wa goli huo. Kuotea kupo kama kawaida. Timu inayotaka kuitumia nafasi hii lazima ikubaliane mapema: leo tunampigia straika, au tunampita?

Mechi ijayo beba karatasi. Chora kisanduku, na kila krosi iweke alama pale ilipopigiwa, kando yake andika idadi ya wenzake mpigaji waliokuwa ndani. Ukikuta alama nyingi ziko mbali na namba ni 1, 1, 2, 1, mlaumu kocha. Ukikuta 3 na 4 lakini mpira unamgonga beki wa kwanza, huyo ni mguu wa winga, na kocha hawezi kumpigia.

*Mhariri,*

*Mimi huangalia futiboli ya Marekani kwenye simu. Kule kocha anapanga kila shambulizi na mashabiki wanamtukana kwa kila alichopanga. Je, huku kwetu kocha pia anapanga hivyo?*

*Mwanafunzi, Maseno*

Kijana wetu, kule mchezo unasimama kila baada ya sekunde chache. Timu inayoshambulia ina majaribio manne ya kusonga yadi 10, na kati ya jaribio na jaribio kocha anatuma mpango. Katika ligi ya NFL sauti ya benchi inaingia kwenye kofia ya mchezaji anayeongoza mashambulizi, na inakatwa pale saa ya sekunde 40 ya kuanzisha jaribio inapobakisha 15. Ndiyo maana shabiki wa kule ana haki ya kufoka: mpango una mwenyewe.

Katika soka kocha anafundisha mazoea wiki nzima, kisha Jumapili anapiga kelele ambazo winga wa upande wa pili hata hazisikii. Mpango wa kuitwa jina unabaki kwenye mpira uliosimama: kona, ikabu (mpira wa adhabu), mpira wa kurusha. Hapo wachezaji wote wanajua pa kwenda kabla mpira haujaguswa. Ukitaka kumpima kocha kwa haki, mpime hapo kwanza. (Na kama unapenda namba: zile yadi 10 za Marekani ndizo mita 9.15 ambazo ukuta wetu husimama kutoka kwenye ikabu. Kipimo ni kimoja.)

*Mhariri, salamu kutoka Kakamega.*

*Kwa nini timu inapata kona, sisi tumesimama tukishangilia, kisha wanapigiana pasi fupi pale kibenderani mpaka wananyang'anywa? Si wapige tu ndani! Juzi hata refa alipuliza eti mpigaji ameotea. Kwani kona ina kuotea?*

*Mama shabiki, karibu na Bukhungu*

Mama, tuanze na refa, kwa sababu huenda alikuwa sawa. Kona yenyewe haina kuotea. Lakini mpigaji akishampa mwenzake pasi fupi, kisha akabaki amesimama pale pale kwenye mstari wa goli akiomba arudishiwe, sasa yuko mbele ya mpira na mabeki wameshasogea nje. Pasi ya pili ikimjia, ameotea. Ni kosa la kizembe na linaonekana hadi kwenye ligi kubwa za Ulaya. Dawa yake ni moja: akishapiga, aingie uwanjani mara moja na kuzunguka nyuma ya aliyempa mpira.

Kona fupi yenyewe ina maana. Wapinzani lazima wakae mita 9.15 kutoka kwenye ule upinde wa kona. Wakimtuma mtu mmoja kuzuia, mko wawili kwa mmoja. Wakituma wawili, mmewatoa watu wawili ndani ya kisanduku. Wasipotuma mtu, mnausogeza mpira hadi kwenye pembe ya kisanduku na kupiga kutoka mahali pazuri zaidi. Inaharibika pale timu inapoamua kupiga fupi bila kuangalia wametoka wangapi. Wakitoka wawili, usicheze fupi. Piga ndani, wamepungua. Mpigaji ndiye anayesoma hilo, na anainua mkono mmoja au miwili kuwajulisha wenzake.

Kona ndefu nayo si kurusha tu mawe kwenye mwembe. Mpigaji wa mguu wa kulia akiwa upande wa kushoto, mpira unapinda kuingia golini; hapo mnataka watu ndani ya eneo dogo la mita 5.5, mmoja mbele ya kipa, na mtu wa mlingoti wa karibu wa kuugusa kidogo tu. Akiwa upande wa kulia, unapinda kutoka. Wapigaji vichwa waanze nje karibu na ukingo wa kisanduku na kuja mbio, kwa sababu mpira utawakimbilia wao. Ukiona watu watano wamesimama tuli kwenye mlingoti wa mbali na mpira unapinda kutoka, hawakufanya zoezi hilo. Na wabaki wawili nyuma, watatu kama wapinzani wameacha mkimbiaji mbele.

*Mhariri,*

*Tukifungwa bao moja, dakika ya 75 kocha anatoa viungo na kuingiza mastraika. Tunamaliza na wanne mbele na hakuna nafasi hata moja. Nieleze.*

*Nakuru*

Ndugu, mastraika wanne bila wa kuwapelekea mpira ni kama sufuria nne bila jiko. Kiungo akitoka, mabeki wenu hawana wa kumpa mpira katikati, wanarudi kwenye ule wa juu, na sasa wanne wamesimama mstari mmoja wakilindwa na wanne. Afadhali kutoa beki mmoja wa kati na kuingiza winga mwenye mapafu mapya. Penye ruhusa ya kubadilisha watano, kumbuka mara za kusimamisha mchezo ni tatu tu, mapumziko yakiwa nje ya hesabu. Kocha akishazitumia kwa mmoja mmoja kufikia dakika ya 70, amejifunga mikono.

Tena ninyi mko mita 1,850 hivi juu ya bahari. Timu inayotoka Kisumu, mita 1,130 hivi, dakika za mwisho inahema. Huo ndio wakati wa kuwakimbiza pembeni. Mpira wa juu ndio wa kuwapumzisha, na kwa hewa nyepesi ya huko unakwenda mbali kuliko mpigaji alivyokusudia.

*Mhariri,*

*Nafundisha vijana wa chini ya miaka 17 hapa Bungoma. Nina wachezaji 16, mipira mitatu na hakuna koni. Nataka waache krosi za mbali. Nianzie wapi?*

*Kocha wa kijijini*

Kocha, koni si lazima. Chupa za plastiki zenye mchanga kidogo zinatosha. Tumia nusu ya uwanja. Pande zote mbili weka chupa mbili kuonyesha njia ya upana wa mita 12 kutoka mstari wa pembeni, na chupa moja mita 16.5 kutoka mstari wa goli. Ndani ya njia hiyo mlinzi mmoja tu anaruhusiwa, washambuliaji wawili. Amri ni moja: krosi haipigwi kabla mpira haujapita ile chupa ya mita 16.5. Ikipigwa kabla, mpira ni wa wapinzani.

Ndani ya kisanduku weka washambuliaji watatu na mabeki watatu na kipa. Wa karibu, wa mbali, wa alama ya penalti. Wabadilishane kila baada ya mipira sita. Bao la pasi ya kurudi nyuma lihesabu mbili, la kichwa moja. Cheza dakika nne, pumzika moja, mara nne, jumla dakika 20. Waliobaki wakae nje ya kisanduku na mipira miwili ya akiba, wapigane kuudaka mpira wa pili; wasipopewa kazi hiyo watakaa chini.

Utaona mambo mawili siku ya kwanza. Watatu wa ndani watafika mapema na kusimama, mpira utakuja nyuma yao. Waambie wasianze mbio mpaka mwenye mpira ainamishe kichwa kuutazama ili apige. Na mlinzi wa pembeni atagundua kwamba winga haruhusiwi kupiga mapema, atakuwa anarudi tu nyuma kumngojea chupani. Wiki ya pili, iondoe chupa.