Wasomaji Wanauliza: Je, Miaka 62 Imepita Umri wa Kujifunza Udi?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina miaka 62 na ninaishi Unguja. Mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Watoto wangu ni wema, wamenitafutia msichana wa kazi, na kila nikinyanyua ndoo huniambia, "Mama, wewe kaa tu, upumzike." Nimekaa mpaka magoti yameanza kukaza. Tangu utotoni nimependa sauti ya udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, na sasa natamani kwenda kujifunza kuupiga, lakini mwanangu mkubwa anasema watu watanicheka, na shoga zangu wananiuliza kama sizioni mvi zangu. Je, ni kweli kwamba mtu wa umri wangu akitamani mambo mapya anaukimbia uzee wake?
Mwalimu Mstaafu, Unguja

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kila mara nimesimama pale uliposema kwamba umekaa mpaka magoti yakaanza kukaza. Ulipofiwa ulikaa eda, na eda ina hesabu yake inayojulikana, miezi minne na siku kumi, kisha mjane hutoka na kurejea katika shughuli zake. Hili uliloekewa sasa na watu wanaokupenda ni kama eda ya pili, isiyo na hesabu wala siku ya kutoka, na hiyo dini haikuiamrisha.

Huukimbii uzee. Anayeukimbia ni yule anayeificha miaka yake, nawe umeitaja katika mstari wa kwanza wa barua yako. Nashangaa kwamba shoga zako, wakaazi wa kisiwa kilekile, wamemsahau mapema hivi Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, ambaye mwenyewe alikuwa akisema kwamba alizaliwa zama za rupia, fedha ya zamani ya Zanzibar. Aliimba taarabu, akapiga ngoma ya msondo na kuwafunda wasichana katika unyago. Na tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki wa dunia, aliipata mwaka 2005, akiwa bibi kizee ambaye wengi wa rika lake walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Alipofariki mwezi Aprili 2013 bado alikuwa akijulikana kwa jukwaa, wala si kwa kiti cha barazani. Sigara zake sikushauri uziige, lakini liige lile la kupanda jukwaani na makunyanzi yake yote bila kumwomba mtu radhi.

Wa pili ni Mzee Kimani Maruge wa Kenya, aliyewahi kuwa mpiganaji wa Mau Mau. Serikali ya nchi hiyo ilifuta ada za shule za msingi mwaka 2003, na mwezi Januari mwaka uliofuata yeye akaenda kuandikishwa darasa la kwanza karibu na Eldoret, akiwa na miaka 84, amevaa sare na soksi ndefu kama watoto wenzake. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, asitegemee tena kusomewa. Wewe uliyefundisha watoto kusoma kwa miaka mingi unajua ile hali ya mwanafunzi anapoiunganisha silabi ya kwanza na ya pili, akagundua kwamba zimekuwa neno. Furaha hiyo haimuulizi mtu umri wake, na naamini ndiyo unayoitafuta katika nyuzi za udi.

Kuhusu mwili, misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, lakini hupungua kwa kasi zaidi isipotumiwa, na hata mtu aliyevuka miaka 80 akiifanyisha kazi kwa kiasi huiongezea nguvu. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima, wakiwamo wazee, wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuhemesha kiasi, ambazo ni sawa na kutembea kwa haraka nusu saa kwa siku tano. Kwa hiyo ile ndoo unayonyang'anywa, maadamu si nzito kupita uwezo wako, ilikuwa ikikufaa. Hata hivyo pima kwanza presha na sukari, na magoti yaonwe na daktari. Masikio na macho pia yapimwe, kwa maana wazee wengi wanaojitenga na watu hawajachoka na watu, bali hawasikii vizuri yanayosemwa na wanaona haya kuuliza mara ya pili. Na ikiwa utapita wiki mbili au zaidi huna hamu ya chochote, hata ya udi wenyewe, usiambiwe kwamba huo ni uzee. Hiyo huenda ikawa sonona, nayo hutibiwa.

Mwanao usigombane naye. Amempoteza baba, na naona hofu yake ya kukupoteza wewe ndiyo inayosema kwa sauti ya "watu watacheka". Mwite peke yake, umweleze unakokwenda, siku na saa za kurudi, kisha umwombe akupeleke siku ya kwanza. Mji Mkongwe kuna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, ambacho kimekuwa kikifundisha ala za taarabu. Kaulizie huko nafasi na ada. Vidole vitauma wiki za mwanzo, na vijana watashika nyimbo upesi kuliko wewe, lakini usilipe uzito hilo. Fanya mazoezi ya dakika 20 kila siku badala ya saa mbili za Jumamosi, maana mkono hukumbuka zaidi kinachorudiwa mara kwa mara. Na kabla ya kwenda, kata kucha za mkono wa kushoto ziwe fupi kabisa, kwa sababu ndio utakaobonyeza nyuzi.