Maswali na Majibu: Makanisa ya Vilimani Kampala

Shikamoo mzee. Wakwe zangu wanakuja kutoka Mwanza na watakuwa Kampala siku moja tu. Wanataka kuona makanisa ya zamani. Nianze wapi? (Mama wa watoto watatu, Jinja)

Marahaba, mwanangu. Anza Namirembe asubuhi, kisha vuka uende Rubaga. Vilima hivyo viwili vinatazamana, na kwa boda si mbali.

Namirembe ni la Waanglikana. Kanisa mtakaloliona, la matofali na kuba kubwa, lilijengwa kati ya 1915 na 1919. Lililotangulia lilipigwa radi likaungua mwaka 1910, na kabla ya hapo jingine lilikuwa limeangushwa na dhoruba mwaka 1894. Watu walijenga upya palepale. Msiondoke bila kupita makaburini. Yupo Askofu James Hannington, aliyeuawa huko kwenu Busoga mwaka 1885, na yupo daktari Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897. Wageni wengi hupiga picha ya kuba na kuondoka, na makaburi hawayaoni kabisa.

Rubaga palikuwa na ikulu ya Kabaka (mfalme wa Buganda) Mutesa I kabla Wakatoliki hawajapewa kilima. Kanisa kuu lao lilijengwa kuanzia 1914 na kutabarukiwa mwaka 1925. Waonyeshe wakwe kaburi la Joseph Kiwanuka, aliyewekwa wakfu mwaka 1939 na kuwa mmoja wa maaskofu wa kwanza Waafrika weusi wa Kanisa Katoliki katika zama hizi. Wakati huo, karibu nchi zote za jirani maaskofu walikuwa Wazungu watupu.

Mzee, niliwahi kwenda Roma kuhiji. Kusema kweli makanisa yetu ni makavu. Sanaa iko wapi? (Katekista mstaafu, Masaka)

Ukitafuta dari iliyojaa malaika, utarudi nyumbani na huzuni. Hapa sanaa itafute kwanza katika umbo la jengo lenyewe. Nenda Namugongo, kwenye basilika ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, iliyotabarukiwa mwaka 1975. Aliyeichora ni msanifu Mswisi, Justus Dahinden, lakini alichochora ni msonge wa Kiganda. Nguzo 22 zinaizunguka, moja kwa kila shahidi Mkatoliki, na altare iko mahali alipochomwa Karoli Lwanga tarehe 3 Juni 1886. Wapo wanaosema jengo lile linafanana na chombo cha angani. Waache waseme. Mimi huwaambia wasimame kwenye milango ya mbao iliyochongwa, waikague michongo pande zote kabla ya kuingia.

Ukitoka hapo usirudi mjini. Nenda upande wa Waanglikana, Nakiyanja, mahali walipochomwa mashahidi wengi, Wakatoliki kwa Waanglikana. Pana jumba la makumbusho lenye sanamu za ukubwa wa mtu: wafungwa wamefungwa kwenye mikeka ya matete, wauaji wamesimama juu yao. Ni sanamu kali. Kama una wajukuu wadogo, tangulia uone mwenyewe kwanza.

Na kama kiu yako ni picha za kuchorwa, usidhani watu wa huku hawakuzichora. Shule ya sanaa ya Makerere, aliyoianzisha Margaret Trowell katika miaka ya 1930, ilitoa wachoraji wakubwa, wakiwemo Watanzania Sam Ntiro na Elimo Njau. Njau ndiye aliyechora kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, akamweka Yesu Mwafrika katikati ya mandhari ya Kiafrika. Inasikitisha kwamba kazi kubwa kama ile lazima tuvuke mpaka kuiona. Hapa Kampala, mwenye kupenda picha takatifu aende kwa Waorthodoksi wa Namungoona, maana kwao kusali bila ikoni hakupo.

Mimi ni Muislamu. Naruhusiwa kuingia? (Muuza vitambaa, Kikuubo)

Unaruhusiwa, ndugu yangu, mradi si katikati ya ibada. Na ukifika Namugongo ujue kwamba wenzako walitangulia. Miaka kama kumi kabla ya Wakristo, Kabaka Mutesa I aliamuru vijana Waislamu wa ikulu wauawe hukohuko. Walikuwa wamekataa kula nyama iliyochinjwa na wasio Waislamu na kuswali nyuma ya Kabaka ambaye hakutahiriwa. Waongozaji wengi hawaligusi hilo mpaka uwaulize. Uliza.

Niende Namugongo tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi, au siku nyingine? (Mwanafunzi, Mbarara)

Tarehe 3 nenda kusali. Mahujaji wanatoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, wengine kwa miguu kwa wiki kadhaa, na kuona michongo katika umati ule ni ndoto. Kwa kuangalia, chagua Jumanne au Jumatano ya mwezi wowote mwingine. Kaptula iache nyumbani. Kamera uiombee ruhusa, na penye watu wanaosali usiinyanyue hata kama umeruhusiwa.

Kiswahili changu kitanifaa makanisani, au nitachekwa? (Fundi wa simu, anatoka Bukavu)

Ibada nyingi utazisikia kwa Kiganda na Kiingereza, hilo nakwambia mapema. Lakini usione haya. Miongoni mwa watu wa kwanza kumsomea Mutesa Biblia alikuwa Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na wamisionari Unguja, aliyeachwa ikuluni na msafiri Mzungu Stanley mwaka 1875, na alimsomea kwa Kiswahili. Wamisionari waliofuata nao walianza kuhubiri ikuluni kwa lugha hiyo kabla hawajakijua Kiganda. Getini anza na "ssebo" (bwana) au "nnyabo" (mama), kisha endelea na Kiswahili chako taratibu. Askari wa zamu mara nyingi anakijua kuliko anavyokiri.