Lebo za kahawa hazikai mahali pake

SWALI: Shikamoo mzee. Nafungasha kahawa ya kusaga hapa Kiborloni, Moshi. Lebo naziandaa kwenye Writer ya LibreOffice, nazitoa kama PDF, naweka kwenye flashi na kwenda kuprinti steshenari. Karatasi ni A4 za lebo 21. Mstari wa katikati unatoka vizuri, ila juu maandishi yameshuka, na chini yamepanda mpaka jina la kahawa linapita kwenye ukingo. Nikirekebisha pambizo ya juu, juu panapona, chini panazidi kuharibika. Kijana wa pale anasema printa imechoka. Ni kweli?
Mfungashaji, Moshi

JIBU: Marahaba mama. Printa wanaisingizia. Ingekuwa inavuta karatasi vibaya, lebo zote zingehamia upande mmoja. Zako zinajikusanya kuelekea katikati, na hiyo ni dalili ya ukurasa uliopunguzwa.

Tuhesabu. Lebo za 21 zilizozoeleka zina upana wa milimita 63.5 na kimo cha 38.1, safu tatu, mistari saba. Kutoka mstari wa nne, ambao ndio wa katikati, hadi wa kwanza ni milimita 114.3. Ukurasa ukipunguzwa hadi asilimia 97, mstari wa kwanza unashuka karibu milimita tatu na nusu, wa saba unapanda vilevile, wa nne hausogei. Pambizo haiwezi kutibu hilo, kwa sababu inahamisha lebo zote kwa pamoja.

Anayepunguza ni programu ya kufungulia PDF pale steshenari. Nyingi hubana ukurasa zenyewe ili maandishi yasifike ukingoni ambako printa haichapi. Mwambie kijana, kabla hajabonyeza, achague "Actual size" au asilimia 100. Usimwachie "Fit", yaani kubana ukurasa utoshee, hata akikuhakikishia ni kitu kilekile.

Mimi hapa dukani Arusha nina rula ya chuma kando ya printa, na mteja wa lebo namchorea kwenye faili mstari wa milimita 100. Tunatoa nakala moja kwenye karatasi ya kawaida na kuupima. Ukisoma 97, hatugusi karatasi ya lebo. Ukisoma 100, tunaweka nakala juu ya karatasi ya lebo na kuziinua zote mbili dirishani kwenye mwanga. Hapo ndipo pambizo ina kazi: kama lebo zote zimeshuka milimita mbili, punguza mbili kwenye pambizo ya juu, basi.

Kagua pia ukubwa wa ukurasa kwenye faili. Violezo vingine ni vya Kimarekani, vya karatasi ya Letter, yenye urefu wa milimita 279.4 wakati A4 ina 297.

Na kama umezungushia kila lebo fremu, iondoe. Karatasi haiingii kwenye printa mahali palepale kila mara, na fremu hutangaza hata milimita moja. Acha nafasi tupu ya milimita tatu kila upande.

Karatasi zilizobanduliwa lebo chache usizirudishe kwenye printa ya leza. Rola yake ni ya moto, lebo ikibandukia mle ndani utalipishwa wewe.