Akaunti moja, watu wanne: yaliyotukuta dukani

Mkuu, umeuliza kama kuna ubaya nyinyi watatu mkitumia akaunti moja kuendesha tovuti ya duka, kwa kuwa ni rahisi na mnaaminiana. Sisi tulikuwa wanne, na tuliaminiana pia.

Tunauza vitenge na magauni. Tovuti iko kwenye WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, na duka ni WooCommerce, programu ya nyongeza ya kuuzia humo. Akaunti ilikuwa moja, jina lake "admin", nywila imeandikwa kwa maka peni nyuma ya kalkuleta ya kaunta. Ijumaa moja jioni gauni la shilingi 85,000 likaanza kuuzwa 8,500. Sifuri moja tu. Tulipokuja kushtuka Jumamosi asubuhi, oda 11 zilishalipiwa.

Tulikuwa na programu inayotunza kumbukumbu za mabadiliko, nikaifungua mbio. Bei imebadilishwa na "admin", saa 12:40 jioni. Sasa admin ni nani? Ni sisi sote. Macho yakamgeukia kijana aliyeajiriwa mwisho, kwa sababu tu alikuwa mgeni. Alijitetea, lakini hakuwa na cha kuonyesha, na mimi sikuwa na cha kumsafishia jina. Mwezi haukuisha akaacha kazi. Hilo linaniuma kuliko hasara ya magauni.

Na aliondoka na nywila kichwani. Kuibadilisha kulimaanisha kuwafundisha wengine wote upya, basi tukawa tunasema kesho, kesho, mpaka zikapita wiki 5.

Tulipojaribu kuongeza ulinzi wa namba ya uthibitisho, ile unayoombwa baada ya nywila, ikawa inaingia kwenye simu ya bosi peke yake. Kila asubuhi: "Bosi, nitumie namba." Mkishazoea kutumiana namba hizo, tapeli akipiga siku moja akijifanya mwenzenu, mtampa tu.

Fungulieni kila mtu akaunti yake. WordPress haitozi chochote kwa hilo. Usimamizi kamili abaki nao mwenye duka, na labda fundi wenu. Anayeshika oda mpe cheo cha meneja wa duka: atabadilisha bei na kuhudumia oda, ila hataweza kuweka wala kufuta programu za nyongeza. Anayeandika makala apewe uandishi, basi. Hapo hata namba ya uthibitisho inamfikia kila mtu kwenye simu yake mwenyewe. Mtu akiondoka, futa akaunti yake siku hiyohiyo. Mfumo utakuuliza kazi zake zifutwe au apewe mtumiaji mwingine. Chagua apewe mwingine, tafadhali, usije ukapoteza makala za mwaka mzima. Mimi kazi yote hiyo ilinichukua chini ya nusu saa, nusu saa ambayo tulikuwa nayo tangu siku ya kwanza.

Yule kijana nilimpigia baadaye kumwomba radhi, akanisikiliza mpaka mwisho. Aliyegusa ile bei mpaka leo sijamjua. Huenda hata ni mimi.