Nyota zetu "hazipatani": je, hesabu ya nyota ni sayansi?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Nimeposwa, na wazee wa upande wa mchumba wamekwenda kwa mwalimu wa nyota. Kapiga hesabu ya majina yetu na ya mama zetu, akasema mwenzangu ni moto, mimi ni maji, ndoa haitadumu. Kaka yangu anasema hiyo ni sayansi, ina hesabu na vitabu. Nilipodai ushahidi akaniuliza: "Mbona malaika unawaamini bila kuwaona?" Nikakosa jibu.

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, binti yangu. Hebu tuipige hiyo hesabu. Ali, mama yake Mariamu. Kwa abjadi, yaani kila herufi ya Kiarabu na namba yake, Ali ni 110, Mariamu ni 290, jumla 400. Gawa kwa 12, idadi ya nyota zao, inabaki 4. Nyota ya nne ni Saratani, nayo ni ya maji. Basi, imekwisha. Umeona mtu aliyeinua macho kutazama mbingu? Na kila Ali wa Mariamu, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, ana nyota hiyohiyo, awe nahodha au awe jela.

Hesabu peke yake haifanyi jambo kuwa sayansi. Hata mcheza kamari anapiga hesabu. Watu wa falaki, wanaopima mwendo wa jua na mwezi, walitangaza mapema kwamba Septemba 1, 2016 jua litapatwa na kubaki kama pete kule Rujewa, Mbeya. Watu wakafunga safari, wakaliona. Lisingepatwa, wangeumbuka mchana kweupe. Mwalimu wa nyota haumbuki: ndoa ikivunjika, yeye alishasema; ikidumu, atakwambia mlitoa sadaka, nuksi ikaondoka. Na dini imeshakata neno: katika kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim, anayemwendea mtabiri kumuuliza jambo hakubaliwi swala masiku arobaini.

Ama malaika, kaka yako kachanganya milango miwili. Mambo ya ghaibu hayapimwi kwa darubini, lakini hatukuyaokota barazani. Tumeyapokea kwa mjumbe, na mjumbe hupimwa ukweli wake. Makureshi, watu wa kabila lake, walimwita Mtume Muhammad Al-Amin, yaani mwaminifu, kabla ya utume. Tena mwaka wa 10 Hijria alifiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto mchanga wa Bi Mariya, na siku hiyohiyo jua likapatwa. Watu wakasema: limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Mzazi mwenye uchungu, na umma tayari kuamini! Angenyamaza tu, ingehesabiwa muujiza. Lakini alisema, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kwamba jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Mtu anayekataa uongo unaomfaa, akinipa habari za malaika namsadiki. Huo ndio ushahidi wangu.

Kinyume chake, mtu akidai jambo la hapa duniani, kwamba ndoa hii itavunjika au dawa hii inaponyesha sukari, huyo anadaiwa ushahidi wa hapa duniani, hata akiwa na kilemba kikubwa kuliko changu. "Leteni hoja zenu mkiwa ni wakweli," inasema Suratul Baqara, aya ya 111.

Kuhusu posa, swali istikhara, swala ya kumwomba Mungu akuchagulie la kheri, na walii wako, yaani msimamizi wako wa ndoa, aende mtaani kwao akaulize: kijana anaswali? Anafanya kazi gani? Ana madeni? Majirani watamweleza.

Wallahu a'alam.