Maswali ya Wasomaji: Ulipe Ukiwa Mzima, Utibiwe Ukiwa Mgonjwa

Katika toleo lililopita tulieleza maana ya huduma ya afya kwa wote, yaani kila mtu kupata tiba anayoihitaji, iliyo salama, na bila kufilisika kwa sababu ya kuitafuta. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi na baadhi yake ni kali. Tumechagua tano, na tumezifupisha bila kubadili maana.

Nina miaka 26, nafanya kazi kiwandani, sina mke wala mtoto, na tangu nizaliwe sijalazwa hata siku moja. Kwa nini nikatwe mchango wa bima ya afya kila mwezi kwa ajili ya wagonjwa nisiowajua? Si afadhali niweke akiba yangu mwenyewe?

Ndugu yetu, swali lako ni la haki, na wengi wanalo moyoni ingawa hawalisemi. Kasoro ya akiba ya mtu mmoja ni kwamba ugonjwa hausubiri ijae. Anayevunjika mguu mwezi wa tatu tangu aanze kuweka fedha ana akiba ya miezi mitatu tu, ilhali gharama za upasuaji, kulazwa na siku atakazokaa bila kipato hazipunguzwi kwa sababu yeye ndiyo kwanza ameanza. Mfuko wa pamoja unafanya kile ambacho kibubu hakiwezi: unamruhusu aliyeugua leo kutumia michango ya maelfu ya watu ambao leo ni wazima, kwa makubaliano kwamba kesho zamu ikigeuka naye atakuwa miongoni mwa wanaochangia.

Utauliza kwa nini basi mchango usiwe wa hiari. Jambo hili limejaribiwa mahali pengi na matokeo yake yanafanana. Wenye afya kama wewe hubaki nje, wenye maradhi huingia, fedha zinazotoka huzidi zinazoingia, kiwango cha mchango hupandishwa, na wale waliokuwa na nafuu kidogo nao hujitoa, mpaka mfuko unabaki na wagonjwa peke yao na kufa. Ndiyo sababu Ujerumani, ilipotunga sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883, iliifanya kuwa ya lazima kwa wafanyakazi iliowalenga: mfanyakazi alitoa theluthi mbili za mchango na mwajiri theluthi moja. Uingereza ilipita njia nyingine. Huduma yake ya taifa iliyoanza tarehe 5 Julai 1948 hulipiwa kwa sehemu kubwa na kodi, na mgonjwa hupokelewa bila kulipia matibabu mlangoni, ingawa miaka michache tu baadaye ada ziliingizwa kwa miwani, meno ya bandia na dawa za kuandikiwa, kwani hata huko hesabu zilikataa mapema.

Kwako wewe mwenye mshahara, kukatwa ni jambo rahisi. Wakulima, wachuuzi na vibarua hawana hati ya mshahara, na kuwafuata mmoja mmoja kudai mchango hugharimu karibu sawa na kinachopatikana. Thailand ilikabiliana na tatizo hilo kwa sheria ya mwaka 2002: wasiokuwa katika bima za waajiriwa walilipiwa kutoka kwenye kodi, hospitali zikawa zinapewa kiasi maalumu kwa kila mtu aliyeandikishwa kwao, na mgonjwa akawa anatoa baht 30 kwa kila ziara. Kwa maoni yetu huo ndio uamuzi wa busara zaidi kwa nchi ambayo watu wake wengi wako nje ya ajira rasmi.

Kipo pia kipimo unachoweza kukitumia kuwauliza viongozi wako. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2010 kwamba malipo yanayotoka moja kwa moja mfukoni mwa mgonjwa yakishuka hadi asilimia 15 au 20 ya matumizi yote ya afya ya nchi, familia zinazotumbukia katika umaskini kwa sababu ya matibabu huwa chache sana. Ukikatwa mchango, na bado ukiugua unalipa karibu kila kitu dirishani, hapo una haki ya kulalamika, na tutakuunga mkono.

Kwenye ukuta wa kituo kimoja cha afya imeandikwa kwamba matibabu ya watoto chini ya miaka mitano ni bure. Nilimpeleka mwanangu mwenye homa, daktari akampima vizuri, kisha nikapewa karatasi na kuambiwa dawa nikanunue nje. Hiyo bure ni ipi?

Mama, pole sana, na umeligusa jipu penyewe. Ada ya kumwona daktari mara nyingi ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Dawa, vipimo, nauli na kibarua ulichokikosa siku hiyo ndivyo vinavyomaliza fedha za nyumba. Serikali inayofuta ada bila kujaza rafu za dawa huwa imeuhamisha mzigo tu, kutoka dirisha la kituo hadi kaunta ya duka la dawa, ambako bei haina msimamizi na mgonjwa hana nguvu ya kupatana.

Rafu haijai kwa matangazo. Kwanza ni lazima nchi ichague. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu, takribani 200, kwa hoja kwamba fedha chache zikitawanywa kwa maelfu ya dawa zinazofanana hazitoshi hata moja, lakini zikielekezwa kwa zile zinazotibu maradhi ya wengi zinaweza kutosha. Baada ya kuchagua, nchi hununua kwa wingi na kwa ushindani. Hapa ndipo bei zinapoweza kuporomoka kwa namna ambayo mtu haamini: mwaka 2000 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 za Marekani kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, na Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikajitolea kuziuza kwa dola 350 kwa mashirika ya misaada. Kilichobadilika kilikuwa ni mwenye kuzitengeneza na idadi ya wanaoshindana naye, kwani dawa zilikuwa zilezile.

Hata hivyo, dawa iliyonunuliwa vizuri inaweza kukwama hatua ya mwisho kabisa, kwa mtunza stoo. Chukulia kituo kinachotumia pakiti 300 za dawa fulani kwa mwezi, na mzigo huchukua miezi miwili kufika tangu uombwe. Mtunza stoo akisubiri mpaka zibaki pakiti 100 ndipo aagize, kituo kitakaa zaidi ya mwezi mmoja na nusu bila dawa hiyo, hata kama bohari kuu imejaa. Anatakiwa aagize pakiti zikiwa bado zaidi ya 600, na hilo atalijua tu kama kila kinachoingia na kutoka kinaandikwa kwenye leja siku hiyohiyo. Ukiambiwa tena ukanunue nje, uliza kwa upole dawa hiyo iliisha lini na iliagizwa lini. Jibu litakuonyesha kama tatizo liko bohari, liko hazina, au liko pale pale mlangoni.

Je, ni kweli kwamba dawa za bei nafuu zisizo na jina la kampuni maarufu ni dhaifu?

Si kweli, ikiwa zimepita mikononi mwa mamlaka ya dawa inayofanya kazi yake. Dawa hiyo hutakiwa kuwa na kiambato kilekile, kwa kipimo kilekile, na kuthibitishwa kwamba huingia mwilini kwa kiwango kinacholingana na ile ya awali. Inayopaswa kuogopwa ni dawa bandia au iliyooza kwa joto, na hiyo inaweza kuwa na jina lolote, hata lile maarufu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nawaona majirani wakiipita zahanati iliyo karibu na kwenda hospitali kubwa, ambako hupanga foleni tangu alfajiri kwa kikohozi tu. Je, si ujinga huo?

Mwalimu wetu, shikamoo. Tunaomba tukupinge kidogo. Watu hao wamepiga hesabu. Wamewahi kufika zahanati wakakuta mhudumu mmoja aliyeitwa kwenye semina, kipimo kimekwisha na dawa hakuna, kisha wakaelekezwa hospitali hiyohiyo, wakalipa nauli mara mbili. Kuwalazimisha kwa amri wapite zahanati kwanza, kabla ya kuifanya zahanati iaminike, ni kuwaadhibu kwa kosa lisilo lao.

Lakini wasiwasi wako una msingi. Nchi 134 zilizokutana Alma-Ata, mji ambao leo huitwa Almaty nchini Kazakhstan, mwezi Septemba 1978 zilikubaliana kwamba afya ya msingi, iliyo karibu na watu wanapoishi na kufanya kazi, ndiyo njia ya kufikisha huduma kwa wote. Hospitali ya rufaa inayotibu vikohozi humchelewesha mwenye uvimbe kwenye ubongo, na kikohozi kilekile hugharimu zaidi kinapotibiwa huko.

Brazil, ambayo katiba yake ya mwaka 1988 inataja afya kuwa haki ya kila mtu na wajibu wa dola, ilianzisha mwaka 1994 mpango wa afya ya familia. Timu moja yenye daktari, wauguzi na wahudumu wa jamii hupewa eneo lake, na wahudumu hao hubisha hodi nyumba kwa nyumba, kwa kawaida kila mwezi, wakijua nani ana mimba, nani ana shinikizo la damu na nani ameacha dawa. Mgonjwa anayefuatwa nyumbani na mtu anayemfahamu kwa jina hana sababu ya kuamka alfajiri kwenda kutafuta wageni.

Dada yangu alipofanyiwa upasuaji, aliulizwa jina lake na sehemu inayopasuliwa mara tatu na watu watatu tofauti, ilhali faili walikuwa nalo. Tulishtuka. Je, hawakujua wanachokifanya?

Walijua, na dada yako alikuwa katika mikono mizuri. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yenye vipengele 19 vya kukaguliwa kwa sauti katika nyakati tatu: kabla ya mgonjwa kupewa dawa ya usingizi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla hajatolewa chumbani. Kila mmoja hujitambulisha kwa jina na kazi yake, hata mkubwa anayejulikana na wote, kwa sababu muuguzi aliyekwisha kutamka jina lake mbele ya daktari bingwa huona wepesi wa kusema baadaye kwamba kitambaa kimoja hakijaonekana katika hesabu. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, kuanzia London na Seattle hadi Manila na Ifakara, na vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Ni karatasi moja tu, na ndiyo maana tunachukia kusikia kwamba usalama ni anasa ya matajiri. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis aliwataka wenzake katika wodi ya wazazi mjini Vienna waoshe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili walikuwa wakifa wazazi zaidi ya 18 kati ya kila 100. Mwezi Juni walikufa wawili hivi. Wakubwa wengi wa taaluma yake walimbeza.

Mdogo wa msomaji huyu ameongeza swali: alipompeleka mtoto kliniki, muuguzi aliitazama chupa ya chanjo, akaiweka kando na kuchukua nyingine. Chupa nyingi za chanjo huwa na alama ndogo ya duara lenye mraba mweupe katikati, na mraba huo hukolea rangi kidogo kidogo kila chupa inapopata joto. Ukishalingana rangi na duara, chanjo hiyo haitumiki tena, hata kama tarehe ya mwisho bado iko mbali. Alama hiyo haionyeshi chanjo iliyoganda kwa baridi, na kwa hilo muuguzi hutumia njia nyingine. Chupa aliyoiweka kando huandikwa kwenye leja kuwa imeharibika, ili msimamizi afuatilie ni jokofu lipi, au safari ipi, iliyoipitisha kwenye joto.